Tangu nimzike mdogo wangu, Rozari imebaki mdomoni

BARUA

Mwalimu, Tumsifu Yesu Kristo. Shikamoo.

Mimi ni mama wa miaka 42, naishi Uyole, Mbeya. Kazi yangu ni viazi: nanunua kwa wakulima huku juu, nawauzia wenye malori yanayoshuka Dar es Salaam. Nimebatizwa nikiwa mchanga, nikapata Komunyo, Kipaimara na ndoa ya kanisani. Nipo WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki Tanzania, na kwenye jumuiya yetu mimi ndiye katibu. Nayasema haya ujue kwamba anayekuandikia si mgeni wa mambo ya Kanisa.

Mwezi wa tatu, katikati ya Kwaresima, tulimzika mdogo wangu, kitinda mimba wetu. Mama alipokuwa akienda shamba, mimi ndiye niliyekuwa nambeba mgongoni. Ameacha mke na watoto wawili. Figo zote zilikuwa zimekufa. Tulihangaika naye, mara kusafishwa damu, mara kutafuta hela ya kusafishwa tena, mpaka shamba la baba likauzwa. Kipindi hicho nilisali kuliko wakati wowote wa maisha yangu. Mama mmoja alinipa karatasi ya novena, sala ya siku tisa, ya Mtakatifu Yuda Tadei. Chini yake imeandikwa kwamba novena hii haijawahi kushindwa, na kwamba ukishajibiwa utoe kopi uwagawie wengine. Nikaisali, nikimaliza naanza upya. Nikafunga, nikaomba Misa. Siku anakata roho ile karatasi ilikuwa kwenye pochi yangu.

Mazishi yalikwenda vizuri, jumuiya walinishika mkono, siwalaumu. Lakini tangu turudi makaburini kuna kitu ndani yangu kimezimika. Mwezi huu wa Oktoba ndio umeniumbua. Kila jioni tunasali Rozari nyumba kwa nyumba, na mara nyingi naongoza mimi kwa sababu wameizoea sauti yangu. Napiga magoti mbele ya kimeza chenye kitambaa cheupe na sanamu ya Mama Maria, mshumaa unawaka, watu wanaitikia, vidole vyangu vinahama kwenye punje moja baada ya nyingine, na kichwani napiga hesabu za lumbesa, yale magunia ya viazi yaliyojazwa kupita kiasi. Fungu la Salamu Maria kumi likiisha sikumbuki tulikuwa tunatafakari tendo gani la maisha ya Yesu na Mama yake. Kuna jioni nilitangaza tendo la tatu mara mbili, wakaitikia tu kwa heshima. Na si uchovu peke yake. Nikisema "Baba yetu" kuna hasira inapanda mpaka kooni.

Komunyo nimeacha tangu Agosti. Hakuna jambo kubwa nililofanya, ndoa yangu ni salama, ila najiuliza nitampokeaje mtu ambaye ndani ya moyo simsemeshi. Nabaki kwenye benchi, wenzangu wanaruka miguu yangu wakienda kupokea, na najua wameshaanza kuulizana. Kuungama nako sijui niungame nini. Usiku saa tisa nipo macho, naangalia dari mpaka kunapambazuka.

Dada yetu mkubwa alishahama Kanisa, anasali kwenye huduma moja ya maombezi hapa mjini. Anasema Rozari ni kupayuka-payuka, kitu ambacho Yesu mwenyewe alikikataza. Anasema kifo cha mdogo wetu ni agano la ukoo ambalo halijavunjwa, na kwamba anayefuata ni mimi nisipokwenda kwa mtumishi nikapakwa mafuta na kutoa sadaka ya ukombozi. Zamani ningemjibu. Sasa hivi sina jibu, na kuna siku natamani niende tu, labda huko nitasikia chochote.

Mwalimu, je, mimi ni mnafiki? Niache ukatibu? Na mtu aliyekauka hivi anasalije?

Katibu, Uyole


JIBU

Milele, amina. Marahaba, mwanangu. Pole sana, na unifikishie pole kwa mjane wa mdogo wako na wale watoto.

Nianze na ile karatasi, maana nahisi imekuumiza kuliko unavyosema. Katika ukatekista wangu huku vigangoni Iringa nimeziona nyingi za namna hiyo, zimeachwa kwenye mabenchi au zimechomekwa ndani ya vitabu vya nyimbo. Hazina idhini ya askofu, hazina jina la aliyeziandika, na zinaahidi kitu ambacho Kanisa halijawahi kukiahidi. Mtakatifu Yuda Tadei hana kosa. Tunamwomba atuombee katika mambo yaliyokwisha kukatiwa tamaa, na ni vema kumwomba. Kosa ni yale maneno ya chini, "haijawahi kushindwa". Katekisimu ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1992, namba 2111, inafundisha kwamba kuitumainia sala kwa vile tu imetamkwa au imetendwa kama ilivyopangwa, bila kujali moyo unaotakiwa, ni kuangukia ushirikina. Sikulaumu wewe. Mtu ambaye ndugu yake yuko kwenye mashine ya kusafisha damu hakai kuchunguza karatasi aliyopewa. Namlaumu aliyeiandika, kwa sababu alikupa dhamana isiyokuwa yake kuitoa. Mdogo wako alipofariki ukabaki na msiba juu ya msiba: kama novena haishindwi, basi ama wewe umeisali vibaya, ama Mungu amekudanganya. Mwanangu, yote mawili si kweli.

Novena yenyewe ni jambo zuri. Chimbuko lake ni zile siku kati ya Kupaa kwa Bwana na Pentekoste, Mitume walipokaa pamoja na Mama Maria wakidumu katika sala, kama tunavyosoma katika sura ya kwanza ya Matendo ya Mitume. Walikuwa wanangoja walichoahidiwa, bila kujua kitafika saa ngapi wala kwa namna gani. Hawakuwa na karatasi ya kuwahakikishia siku.

Sasa twende kwenye tendo ambalo umelitangaza mara nyingi, kila Jumanne na Ijumaa: tendo la kwanza la uchungu, Yesu anatoka jasho la damu. Fungua Mathayo 26, usome taratibu ukiwa peke yako. Yesu, akiwa bustanini Getsemani, anamwomba Baba kikombe cha mateso kimwepuke. Anawarudia wanafunzi, amewakuta wamelala. Anakwenda tena. Mstari wa 44 unasema akaomba mara ya tatu, "akisema maneno yaleyale". Mwana wa Mungu, katika usiku mgumu kuliko wote, hakuwa na maneno mapya. Na kikombe hakikuondolewa, alikinywa mpaka mwisho. Halafu Waraka kwa Waebrania 5:7, ukiyakumbuka maombi na dua zake "pamoja na kulia sana na machozi", unasema akasikilizwa. Akasikilizwa, na kesho yake akafa msalabani. Hayo mawili yanakaa pamoja katika Maandiko, na Kanisa halikufuta hata moja ili kuturahisishia. Kwa nini mdogo wako hakupona, mimi sitakueleza, na akitokea mtu wa kukueleza harakaharaka, mwogope. Ninalokuambia ni kwamba kutopona kwake hakuonyeshi kuwa hukusikilizwa. Ulisali kama alivyosali Bwana, maneno yaleyale, ukamaliza ukaanza tena.

Na hasira yako ina mahali pake. Martha alipomwona Yesu amechelewa mpaka Lazaro amezikwa, hakumkaribisha kwa maneno matamu. Alimwambia, "Bwana, kama ungalikuwapo hapa, ndugu yangu hangalikufa." Maria, dada wa Martha, naye alipofika akasema hayohayo. Yesu hakuwakemea hata mmoja. Kwa Maria, alilia. Wewe ni dada uliyefiwa na kaka, hilo ni neno lako kabisa, na umelinyamaza tangu mwezi wa tatu kwa kuogopa kwamba katibu wa jumuiya hasemi hivyo. Ndiyo maana linakukaba kooni. Liseme. Funga mlango, kaa chini, umwambie Mungu kwa lugha ya nyumbani kwenu, ile uliyombembelezea mdogo wako akiwa mgongoni, kwamba hukupenda alivyofanya. Ukikosa pa kuanzia, chukua Zaburi ya 13: "Ee Bwana, hata lini utanisahau, hata milele?" Au ya 88, ambayo inaanza kwa kilio na kuishia gizani, haina hata mstari mmoja wa furaha mwishoni, na bado mapadre na watawa huisali katika Sala ya Usiku kila Ijumaa. Kanisa linajua kwamba siku zote kuna mtu mahali fulani anayeihitaji.

Sasa Komunyo, na hapa nitasema kwa mkazo. Kilichokuondoa kwenye mstari si dhambi, ni hisia. Katekisimu inafundisha kwamba hisia zenyewe si njema wala mbaya kimaadili. Ubaya au wema unakuja pale utashi unapoingia. Na dhambi ya mauti inahitaji mambo matatu yawe pamoja: jambo lenyewe liwe zito, uwe unajua kabisa, na uwe umeridhia kwa hiari. Mama anayepiga magoti kila jioni kusali wakati moyo unamuuma hajaridhia kumwacha Mungu. Mgonjwa wa malaria hasikii ladha ya uji, mdomo ni mchungu, lakini tunamsihi anywe, na ule uji unamjenga bila kungoja ladha irudi. Wewe umeacha kula kwa sababu husikii ladha. Usiende hivyo hadi Noeli.

Nenda kwanza ukaungame. Unasema hujui uungame nini. Mwambie padre hivi: "Padre, nimemkasirikia Mungu kwa sababu ya kifo cha mdogo wangu, nimeacha Komunyo, na sijui kama nimetenda dhambi." Hayo yanatosha, atajua pa kuanzia. Usiende Jumapili kabla ya Misa wakati foleni ni ndefu na padre anaangalia saa. Mwombe muda katikati ya wiki.

Ukavu huu umewapata watu ambao leo tunawaita watakatifu. Teresa wa Avila, mtawa Mkarmeli wa Hispania aliyefariki 1582, aliandika waziwazi kwamba kwa miaka kadhaa alipokuwa katika sala alitamani zaidi saa iishe kuliko kubaki pale, na masikio yake yalikuwa yakingoja kengele ya saa. Mwaka 1970 Kanisa likamtangaza kuwa Mwalimu wa Kanisa, tena kwa mafundisho yake juu ya sala. Mama Teresa wa Kolkata aliishi katika giza kama hilo karibu miaka 50, na masista wake wengi hawakujua. Lakini ninayempenda zaidi katika jambo hili ni Teresa wa Mtoto Yesu. Kuanzia Pasaka ya 1896 hadi alipokufa kwa kifua kikuu, tarehe 30 Septemba 1897, akiwa na miaka 24, alikuwa katika giza la imani, mbingu ikawa kwake kama ukuta. Alichofanya ni kuiandika Nasadiki, ile sala ya kukiri imani, kwa damu yake mwenyewe na kuivaa kifuani. Hakuwa anasikia kitu. Aliamua. Ukisema Nasadiki Jumapili huku huhisi neno hata moja, huo si unafiki. Mnafiki hujifanya mbele za watu ili asifiwe. Wewe unashika kitu gizani kwa sababu hutaki kukiacha, na ulivyoniandikia inaonekana wazi hutaki.

Dada yako, usimchukie. Naye amefiwa, na kila mfiwa hushika kilicho karibu. Mbeya ina makanisa mengi na humo wamo wengi wanaompenda Yesu kwa dhati. Kuhusu kupayuka-payuka, mwonyeshe kwa upole kwamba Mathayo 6:7 inakataza kudhani "watasikiwa kwa sababu ya maneno yao kuwa mengi", na kwamba Yesu aliyesema hivyo ndiye aliyerudia maneno yaleyale Getsemani. Zaburi ya 136 nayo inarudia "kwa maana fadhili zake ni za milele" katika mistari yote 26. Kuhusu agano la ukoo, wanafunzi walimuuliza Bwana swali hilohilo juu ya kipofu tangu kuzaliwa, akawajibu, "Huyu hakutenda dhambi, wala wazazi wake." Figo huharibiwa mara nyingi na presha na kisukari, na magonjwa hayo yanaweza kutembea katika familia. Kwa hiyo wewe na dada yako nendeni pamoja mkapime presha, sukari na figo. Mkifanya hivyo mtakuwa mmewalinda hata watoto wa marehemu wakikua. Lakini mtu anayemwambia mfiwa "anayefuata ni wewe" kisha anamtajia sadaka, mkimbie, awe wa dhehebu lolote, hata kama amevaa kanzu ya kipadre.

Kusali sasa. Punguza. Usijilazimishe Rozari nzima ukiwa peke yako. Chukua fungu moja, hilo la Getsemani, ulisali taratibu ukiwa umekaa karibu naye pale bustanini, basi. Hesabu za lumbesa zikija, usipigane nazo. Mwambie Bwana bei za wiki hii na madeni ya hospitali yaliyobaki, kwa sababu nadhani hizo hesabu ndizo wasiwasi wako, kisha rudi kwenye punje uliyoishia. Siku ambayo hata hilo halitoki, kaa kimya mbele ya Tabernakulo, pale inapotunzwa Ekaristi, ukipita kanisani. Paulo anasema katika Warumi 8:26 kwamba Roho mwenyewe hutuombea "kwa kuugua kusikoweza kutamkwa", na mtu anayelala macho tangu saa tisa usiku anakujua kuugua huko.

Juu ya usingizi huo, tafadhali nenda hospitali. Mwambie daktari tangu lini hulali, unakula vipi, na kama kuna saa unatamani ungekufa na wewe, mwambie siku hiyohiyo bila kungoja. Sonona, huzuni nzito isiyokwisha, ni ugonjwa, unatibika, na Mkristo anayeutibu hapunguzi imani yake hata chembe. Padre na daktari hawagombanii mgonjwa.

Ukatibu usiuache sasa. Mtakatifu Inyasi wa Loyola, aliyefariki 1556 na aliyewafundisha wengi kupima mienendo ya moyo, alionya kwamba wakati wa ukiwa, yaani ukavu wa moyo, mtu asibadili uamuzi alioufanya alipokuwa katika faraja. Ukitulia, ukaona bado unataka kuachia, utaachia kwa amani. Ila kuongoza Rozari pumzika. Mwambie mwenyekiti wako ukweli, kwa maneno machache, ampange mwingine, wewe ukae nyuma uitikie. Acha wenzako wakubebe kwa sauti zao kwa muda. Maaskofu wa Afrika Mashariki walipoamua katika miaka ya 1970 kwamba Kanisa letu lisimame juu ya Jumuiya Ndogo Ndogo, walitaka tujuane kwa majina na kwa shida zetu. Kuzika tunajua: tunachanga, tunapika, tunaimba, tunalala msibani. Mwezi wa saba baada ya mazishi hakuna anayebisha hodi kwa mfiwa, hasa mfiwa huyo akiwa kiongozi, maana tunadhani kiongozi ana akiba ya imani isiyoisha. Jambo hili linanisumbua sana, na ningependa viongozi wa jumuiya wanaosoma hapa wafungue madaftari yao leo, waangalie ni nani alifiwa mwaka huu, waende wakamtembelee bila ajenda na bila bahasha ya michango.

Novemba inaingia. Tarehe 2 tunawakumbuka Marehemu wote, na kuanzia tarehe 1 hadi 8 Kanisa linatoa rehema kamili, yaani ondoleo la adhabu ya dhambi zilizokwisha kusamehewa, kwa ajili ya marehemu kwa anayetembelea makaburi na kuwaombea, akiwa ameungama, amepokea Komunyo na kusali kwa nia za Baba Mtakatifu. Una sababu ya kumwona padre wiki hii: bado unaweza kumfanyia mdogo wako kitu. Nenda na mjane na watoto, mng'oe majani, mwashe mshumaa kama upepo wa Uyole utaruhusu, msali "Raha ya milele umpe, ee Bwana". Mwalike na dada yako mkubwa. Asipotaka kusali, atashika jembe.

Nitumie jina la ubatizo la marehemu. Nitaliandika kwenye nia za Misa kigangoni kwetu, na tutalisoma Novemba yote.